Miwani ya kusomea nikiwa na miaka 47, naomba ushauri

Assalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni mshonaji wa kofia za viua, naishi Langoni, Lamu. Kazi hii naifanya tangu usichana wangu, na viua, yaani vile vitundu vidogo vya kofia, nilikuwa navishona hata usiku kwa taa. Tangu mwaka jana uzi hauingii sindanoni. Msahafu nausogeza mbali hadi mkono hauna tena pa kunyooka. Sasa nashona barazani kwenye mwangaza, maana nyumba zetu za mawe ndani ni kiza.

Nimepimwa macho. Daktari kanieleza si ugonjwa: kuanzia miaka 40 hivi lenzi ya jicho hupoteza ulaini wake, kutazama karibu kukawa shida. Akaniandikia miwani ya kusomea, nguvu yake +2.00. Nimeijaribu siku moja, iko kabatini wiki ya tatu hii.

Kinachoniuma ni hiki. Mamangu alikuwa akiniita nimtungie uzi, nami nikimwona mzee sana. Juzi nimemwita binti yangu anitungie, nikalia. Na jirani ananambia nikiizoea miwani macho yatalegea zaidi. Daktari amekataa, asema macho yatabadilika kwa umri, nivae nisivae.

Mliopitia haya, moyo mliutuliza vipi? Tena nikiinua uso kumtazama mteja naona ukungu: nitafute ile ya sehemu mbili, juu ya kutazamia mbali na chini ya karibu, au niwe naivua kila mara? Washonaji hasa, tafadhalini nijibuni.