Tupeane uzoefu: uliyefika Bangkok kula na kutembea, nini kilikukuta?

Mwana wa Chumbageni: Wakuu, jana sokoni nimeona papai bichi nikaikumbuka som tam, ile saladi yao ya papai bichi. Wanaitwanga kwenye kinu mbele yako: pilipili, ndimu, karanga, mchuzi wa samaki. Nilikula nimesimama Yaowarat, mtaa wa Wachina, saa nne usiku, machozi yananitoka, nikaagiza ya pili. Nataka kurudi na familia. Waliofika semeni.

Pwani Asilia: Nenda kati ya Novemba na Februari. Aprili mtaiva.

Kinu na Mchi: Aprili ndiyo yenyewe! Songkran, mwaka mpya wao, tarehe 13 hadi 15, mji mzima unamwagiana maji, na embe ziko msimu.

Pwani Asilia: Anakwenda na watoto, ndugu yangu. Lile joto si la Tanga, upepo wa bahari hakuna. Mimi lilinilaza siku mbili.

Binti Makorora: Mimi nina la kusema kuhusu kadi ya homa ya manjano. Nilimpeleka mama Desemba. Tukatua Suvarnabhumi alfajiri, tukapanga foleni ya uhamiaji karibu saa nzima. Afisa kufungua pasi tu, akatuelekeza turudi kwenye dawati la afya. Abiria wa Tanzania na Kenya wanaanzia hapo, sisi hatukujua. Yangu ninayo mkononi. Ya mama iko kwenye begi kubwa, na begi kubwa liko ng'ambo ya uhamiaji! Huwezi kulifuata bila kadi, na kadi imo humo. Mama ana miaka 67, miguu imevimba, akakaa chini sakafuni akaanza kuvuta uradi. Nililia pale mbele za watu. Dada mmoja wa dawati akapiga simu, begi likaletwa baada ya saa mbili na nusu. Mama alimshika yule dada mikono yote miwili, hakuiachia.

Mzee wa Kariakoo: Pole sana dada. Mimi nimeenda mara tatu, sijaulizwa.

Binti Makorora: Shikamoo mzee. Hiyo ni bahati yako, usimwambie mwenzio aiache nyumbani.

Kinu na Mchi: Na chanjo uchome angalau siku 10 kabla ya safari. Siku hizi ni ya maisha.

Pwani Asilia: Kwenye hekalu la Wat Pho funikeni mabega na magoti. Yule Buddha aliyelala ana mita 46, watoto watazunguka mpaka wachoke.

Mzee wa Kariakoo: Sema "mai phet" kama hutaki pilipili. Wataweka kidogo hivyo hivyo.

Mwana wa Chumbageni: Dada, baada ya yote hayo mama alikula?

Binti Makorora: Alikula! Wali wa kunata kwa embe. Alionja tui akanyamaza, akaonja tena: "Wametia chumvi kama bibi yako." Ni mkokoteni, Yaowarat hiyo hiyo. Nenda jua likishazama, na usiende Jumatatu, wengi hawafungui.