Nakwenda Dakar, nimeambiwa nibebe beji za kubadilishana. Nianzie wapi?

MwalimuWaNyakato
Wakuu, habari za jioni. Mimi ni mwalimu wa michezo hapa Mwanza. Mwishoni mwa Oktoba, Mungu akipenda, nakwenda Dakar na walimu wenzangu kutazama Michezo ya Olimpiki ya Vijana ya 2026. Mmoja wetu aliyewahi kufika kwenye mashindano makubwa anasema tusiende mikono mitupu. Eti nje ya viwanja watu hukusanyika kubadilishana beji, zile ndogo za chuma za kubana kifuani. Mimi hata stempu sijawahi kukusanya. Nibebe ngapi? Nizipate wapi? Na mtu unamwanzaje? Maana nikiwa mbele ya wageni huwa bubu kabisa. Naombeni uzoefu, kejeli wekeni akiba.

MlangoMmojaMitumba
Nauli yote hiyo hadi Senegal halafu ukabadilishane vibati? Haya mwalimu, tunasubiri picha.

MzeeWaIgogo
Mwadila mwalimu. Huyo wa mitumba mwache, angekuwa anajua vibati hivyo vinatafutwaje angefunga kibanda akufuate.

Mwanzo havikuwa hata bati. Athens mwaka 1896 washiriki na waamuzi walivaa viduara vya karatasi ngumu ili watambulike, basi. Baadaye timu zikaanza kupeana za chuma kama ishara ya urafiki. Watazamaji wa kawaida waliingia kwa kishindo Lake Placid mwaka 1980, na Los Angeles 1984 ikawa homa. Mimi iliniingia Nairobi 1987, Michezo ya Afrika pale Kasarani, nikiwa kijana. Nilirudi uwanja uleule 2017, mashindano ya dunia ya riadha ya walio chini ya miaka 18. Nilipanda basi la Sirari na kopo la kahawa limejaa beji, abiria wa jirani akadhani nauza misumari.

Sasa nisikilize. Kamati ya Olimpiki ya kila nchi hutengeneza beji zake na kuwapa wanamichezo na viongozi wake. Wakusanyaji hawahangaiki sana na za Marekani, zimejaa kila kona. Wanazitaka za nchi zenye timu ndogo, kwa sababu zinakuja chache. Maana yake beji ya timu ya Tanzania ina nguvu kuliko unavyofikiri. Ukibahatika kupewa mbili tatu na viongozi wetu, usizitoe asubuhi ya kwanza. Zunguka kwanza, tazama watu wamevaa nini shingoni, wengine hutandaza kitambaa chini kama wauza dagaa. Siku ya pili utajua kipi ni kingi na kipi ni adimu. Ya kwetu itoe kwa kitu unachokitaka kwa moyo.

Zile usizotaka kuachana nazo usizivae kabisa. Hili watu hawalielewi. Ukitundika shingoni kitu ambacho si cha kubadilisha, utashinda unakataa watu, na kukataa kunachosha kuliko kutembea. Kamba ya shingoni iwe na za kutoa tu. Za kubaki nazo zilale kwenye kitambaa mkobani.

Usiguse beji iliyo mwilini mwa mtu. Onyesha kwa kidole, yeye ataivua mwenyewe. Ukipewa, igeuze utazame nyuma kabla ya kukubali: sindano imelegea? Rangi imebanduka pembeni? Ukikataa hakuna ugomvi. Kanuni ni beji moja kwa beji moja. Atakuja mtu atakwambia yake ni adimu, umpe nne. Inawezekana anasema kweli, lakini wewe ni mgeni huna namna ya kupima, kwa hiyo mshukuru umwache. Pesa usitaje. Wapo wanaouza, ila kwenye duara la wabadilishanaji ukiuliza bei utaonekana umekuja sokoni.

Na watoto. Washiriki wa Dakar ni vijana wa hadi miaka 17, watazamaji wengi watakuwa wadogo zaidi. Nimeona watu wazima wakimlaghai mtoto akatoa beji ya timu yake kwa kidude cha tangazo la benki. Wewe ni mwalimu, sihitaji kuendelea.

Kuhusu ububu wako: pale si lazima uongee. Salimia tu. Dakar ukisema "asalaam aleikum" au "nanga def" mlango umefunguka, mengine yanafanywa na vidole.

KijanaWaMakoroboi
Shikamoo mzee. Mwalimu, mimi ni mtu wa machapisho. Beji za bati zenye karatasi na plastiki juu, zile za kampeni na harusi, unatengenezewa hapahapa mjini siku hiyohiyo. Ni nyepesi na bei yake ndogo, wape watoto. Za chuma zenye rangi iliyomwagwa kwenye vishimo, wengi tunaagiza China, na viwanda vingi havikubali chini ya 50 au 100. Anza mapema, usisubiri Septemba. Ila kosa moja nisilopenda kuliona: watu wanaweka duara tano za Olimpiki. Zile zina mwenyewe, ni mali ya Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki. Mimi sichapi.

MzeeWaIgogo
Marahaba kijana. Na twiga msiweke. Wala Kilimanjaro. Kila anayetoka Afrika Mashariki ana twiga. Weka Jiwe la Bismarck, maana hata asiyejua Mwanza atauliza mawe yale yanasimamaje majini, na hapo ndipo mazungumzo yanapoanza. Au sangara. Andika MWANZA na 2026. Beji isiyo na mwaka, mkusanyaji makini huiweka kando.

BintiUkerewe
Nitachangia kidogo tu. Niliishi Orlando kwa dada yangu, na kule Disney walianza mambo haya Oktoba 1999. Wafanyakazi wa bustani zao za burudani huvaa kamba zenye beji na wewe unabadilisha nao, mradi yako iwe ya chuma na nyuma ina alama ya hakimiliki yao. Unamkabidhi ikiwa imefungwa kifungio chake, si sindano imechomoza. Nilichojifunza kule ni feki. Kuna watu hununua mfuko mzima kwenye mtandao kwa bei ya kutupa, kingo zina makwaruzo, rangi zimekosewa kidogo. Mtu akiwa na beji ishirini zinazofanana, jiulize kazitoa wapi.

MwalimuWaNyakato
Mzee shikamoo, na wote asanteni. Kijana wa Makoroboi nitakutafuta Jumatatu, Jiwe la Bismarck limepita. Mzee, hukujibu idadi. Na vile vifungio vya nyuma, mwenzangu anasema vinapotea hovyo.

MzeeWaIgogo
Marahaba. Za Mwanza beba hamsini, utatoa kwa siku chache chache. Zaidi ya hapo ni chuma, utalia na mzigo. Usitie kwenye kopo kama mimi, zinakwaruzana. Shona mfuko wa kitenge wenye kurasa kama daftari, fundi yeyote wa cherehani anaweza. Vifungio vitapotea tu, hata ufanyeje. Nunua ufutio wa penseli, ukate vipande vidogo, uchomeke nyuma ya sindano. Havitoki hata ukikimbilia daladala.

MlangoMmojaMitumba
Mwalimu, ukibakiwa na moja ya sangara niwekee.