Toyota 110 inalia mkanda kila asubuhi, nimebadilisha mara mbili. Ninunue wa kampuni gani?

Mtu wa Mamboleo
Wadau hamjambo. Niko Kisumu, pande za Mamboleo. Nina Toyota 110 ya 1998, injini ya 5A. Tangu mwezi uliopita mkanda wa alteneta, ile mashine ya kuchaji betri, unalia. Nikiwasha asubuhi unapiga ukelele kama nguruwe aliyeshikwa mguu, dakika mbili tatu hivi, kisha unanyamaza. Siku ya mvua haunyamazi kabisa. Nikipanda kuelekea Kiboswa, watu wanajua ni mimi kabla hawajaniona. Nimebadilisha mkanda mara mbili, na wa pili niliapiwa kuwa ni jenuini. Swali ni moja tu: wa tatu ninunue wa kampuni gani? Nina safari Jumamosi ambayo siwezi kuikosa. Na tafadhali, msiniambie niuze gari.

Ng'ombe wa Njoro
Uza gari.

Mama Wawili, Kakamega
Umenikumbusha marehemu baba na Peugeot 504 yake. Tukienda Nakuru kwa shangazi, kipande cha sabuni kilikuwa kinabebwa mbele kama chakula cha mtoto. Mkanda ukilia, anazima, anashuka, anapaka. Tulipaka Kericho, tukapaka tena Mau Summit. Mama alikuwa anauliza kama tunasafiri ama tunafua. Jaribu sabuni, kaka.

Spana 12
Mama, heshima zako, lakini sabuni inanyamazisha kidogo tu, halafu mkanda unateleza kuliko mwanzo.

Mtu wa Mamboleo, mkanda wa tatu utalia vilevile. Kwenye 5A huo mkanda unazungusha pampu ya maji na alteneta. Wa usukani uko kando. Kabla hujampa mtu pesa, zima injini, bonyeza mkanda kwa kidole gumba kati ya puli mbili, yale magurudumu unayoyazunguka. Ukiingia karibu sentimita moja, ni sawa. Ukizama kama kamba ya kuanikia nguo, umelegea, na dawa yake ni spana. Halafu washa, ngoja ulie, umwagie maji kidogo upande wa mifereji. Nimesema kidogo, si ndoo. Kelele ikikatika kisha irudi, angalia kama puli zimenyooka mstari mmoja. Ikizidi, mkanda unateleza: ama umelegea, ama unavuta mzigo usiouweza. Shati liwe ndani ya suruali, na mikono mbali.

Unijibu pia: taa ya betri inawaka? Na kabla ya kelele kuanza, nani alishika nini kwenye hiyo injini?

Mtu wa Mamboleo
Shukrani mkubwa. Nimebonyeza, uko sawa. Maji sijajaribu. Taa ya betri inamulikamulika usiku lakini si sana. Hakuna aliyeshika chochote. Kwa hivyo ni kampuni gani?

Dereva Mstaafu
Vijana wa siku hizi wanapenda kubadilisha spea kabla ya kufungua bonneti. Mimi nilipita na lori mteremko wa Salgaa miaka kumi na sita na sikuwahi kununua kitu bila kukishika kwanza. Toa mkanda, zungusha puli ya alteneta kwa mkono. Ikikwaruza, beringi imekufa. Kazi ya dakika ishirini.

Spana 12
Mzee amesema kweli. Lakini taa ya betri haimuliki bure. Usiku unawasha nini zaidi ya taa za mbele?

Mtu wa Mamboleo
Redio.

Spana 12
Redio gani?

Mtu wa Mamboleo
Sawa. Kuna amplifaya mbili kwenye buti, kila moja imeandikwa wati 1000, na spika juu ya kariya. Natangaza mazishi vijijini, na usiku napiga nyimbo za kukesha. SI disko matanga, tuelewane. Ni nyimbo za kuabudu. Nilifunga hizo vitu mwezi uliopita. Sikutaja kwa sababu shida iko mbele na spika ziko nyuma.

Na msihangaike, suluhisho nimeshapata. Nimeacha elfu nne kushikilia alteneta kubwa ya lori. Fundi anakuja Alhamisi kuchomelea kishikio. Jumamosi nina kazi upande wa Luanda.

Mama Wawili, Kakamega
Nyimbo za kuabudu saa nane za usiku! Tulizika mjomba mwaka jana, wasichana wawili wa kidato cha pili hawakuonekana mpaka asubuhi. Walikuwa "wanaabudu".

Mtu wa Mamboleo
Mama, mimi natafuta karo kama wengine. Spika yangu haijampoteza mtoto wa mtu.

Spana 12
Tuache matanga, turudi kwa puli. Wati 1000 gawa kwa volti 14 unapata ampea zaidi ya 70. Amplifaya moja tu. Alteneta ya hiyo 110 haifiki ampea 100, na bado ina taa na injini za kulisha. Usiku unainyonya betri, asubuhi alteneta inakazana kuijaza, mkanda unashindwa kuivuta na unalia. Ikishajaza kidogo, mzigo unapungua, kelele inakata. Ndizo hizo dakika zako mbili tatu.

Sasa alteneta kubwa kwa mkanda uleule mwembamba? Itavuta zaidi, itateleza zaidi. Kishikio cha kuchomelea kikipinda kidogo tu, puli haziko mstari mmoja. Na lori nyingi ni volti 24. Uliuliza?

Mtu wa Mamboleo
Fundi amesema itaingiliana.

Mpelelezi wa Nyalenda
Huu uzi ni wa kutunga. Wati 2000 kwa betri ya 110, gari lingezima kabla ya ubeti wa pili. Tena mwezi wa nne huyu aliandika hapa kwamba anauza vitunguu Kibuye na baiskeli yake imeibwa. Leo ana gari na spika juu? Anatuchezea.

Ng'ombe wa Njoro
Mimi nilisema uza nikidhani ni gari. Kumbe ni hadithi.

Spana 12
Wati ni za kwenye boksi, Mpelelezi. Vitu vya bei rahisi havitoi hata nusu yake. Na mtu wa kutunga asingeficha buti, angeanza nayo.

Mtu wa Mamboleo
Vitunguu bado nauza. Gari aliniachia kaka yangu, na sitaeleza zaidi ya hapo. Baiskeli haijapatikana.

Nimetoka nje sasa hivi na tochi na kikombe. Nimewasha, ikalia, nikamwaga maji. Imezidi. Mbwa wa jirani amejibu.

Spana 12
Basi inateleza. Kwa usalama kaza kidogo, usikaze mpaka beringi ilie. Jumamosi kodi jenereta ndogo, amplifaya zitumie umeme wake kupitia chaja nzito, gari libebe spika tu. Na mpigie fundi leo kuhusu elfu nne.

Mtu wa Mamboleo
Nimempigia mara sita. Simu inaita tu.

Mama Wawili, Kakamega
Pole kaka. Na kwa sherehe ya kuposa mwezi ujao, spika mbili unatoza ngapi? Gari la kuja kuzichukua tutatafuta sisi.