Tupeane uzoefu: kimita cha kuchomeka kilikuonesha nini kwenye umeme wa nyumbani kwako?

Mpendae_Uani

Assalaam alaykum ndugu zangu wa Unguja na Pemba. Naomba tukusanye hapa visa vya waliowahi kutumia kile kimita cha kuchomeka. Kwa asiyekijua, ni kidude cha ukubwa wa kiganja. Unakitia kwenye soketi ya ukutani, halafu plagi ya friji au ya TV unaichomeka juu yake. Kinaonesha volti, ampea, wati za wakati huo, na yuniti zilizokusanyika tangu ulipokianzisha. Tukuza, ile mita yetu ya kulipia kabla, inakwambia nyumba nzima imekula kiasi gani, hiki kinakwambia nani kala.

Naanza na kwetu. Tunaishi familia tatu na Tukuza moja. Mchango wa umeme ulikuwa wa kukadiria kwa macho: mwenye friji anaongeza kidogo, mwenye TV kubwa anaongeza kidogo. Umeme ukiisha kabla ya siku tuliyoitegemea, lawama zote kwa kijana wa chumba cha uani, kwa sababu kompyuta yake haizimwi hadi usiku wa manane. Kijana wa watu ananyamaza na anatoa.

Shemegi yangu akaniazima kimita. Tukakubaliana wote, mbele ya mwenye nyumba, kwamba kila kitu kitapimwa siku nzima usiku na mchana, na kila mmoja anaruhusiwa kuja kusoma namba mwenyewe. Kompyuta ya kijana: haikufika hata theluthi ya yuniti. Pangaboi la chumbani kwangu: zaidi ya nusu yuniti, maana linazunguka usiku kucha. Friji ndogo ya dada wa chumba cha mbele: 0.9. Friji ya mtumba ya familia ya pili, ile ya milango miwili: 2.6. Yaani hiyo moja imekula kuliko kompyuta, pangaboi na friji ndogo kwa pamoja.

Mwenye friji hakubishana, namba alizisoma yeye mwenyewe. Siku hizi pampu ya maji na taa za ukumbini tunagawana sawa, mafriji kila mtu analipa kwa yuniti zake zilizopimwa, na vilivyobaki tunachanga kiwango kimoja. Yule kijana aliombwa radhi na wazee, na mimi hilo ndilo lililonifurahisha kuliko pesa.

Haya, nyie kwenu kilionesha nini?

MamaBarafu_Fuoni

Waalaykum salaam mwanangu. Mimi nauza barafu na ukwaju, hivyo umeme kwangu si matumizi ya nyumbani tu, ni mtaji. Nilikuwa nafanya biashara bila kujua pakiti moja ya barafu inanigharimu umeme kiasi gani. Najua bei ya mfuko, najua bei ya sukari, lakini umeme naona unakwenda tu.

Nilipima hivi. Kwanza niliiacha friza na barafu iliyokwisha ganda, siongezi kitu, mlango haufunguliwi ovyo. Kwa siku nzima ilikula yuniti 1.6. Hiyo ni gharama ya kuiweka baridi tu, hata nisipouza. Kisha nikatia pakiti 20 mpya za lita moja moja: ikala 3.4. Kwa hiyo hizo pakiti zenyewe zilichukua 1.8, chini kidogo ya moja ya kumi ya yuniti kwa kila pakiti.

Sasa tazameni hapa. Nikigandisha pakiti 20, kila moja imebeba yuniti 0.17. Nikigandisha 10 tu, kila moja imebeba 0.25, kwa sababu ile 1.6 ya kuilinda baridi ipo palepale. Kwa hiyo mwenye friza ya biashara aijaze. Siku za wateja wachache nagandisha maji ya kunywa ya majirani kuliko kuiacha nusu.

Na ukwaju siutii ukiwa wa moto. Sufuria nailaza kwenye beseni la maji ya kisima mpaka ipoe, ndipo naingiza. Moto ule friza ndiyo itakayoutoa, na itautoa kwa pesa yangu.

Jambo jengine ni majira. Namba hizi ni za kipupwe, upepo wa kusi unavuma. Kaskazi ikiingia, joto la Januari na Februari, friza ileile kwa kazi ileile inapanda vibaya. Anayepima Julai asije akapanga bajeti ya Februari kwa namba hizo. Na Ramadhani ina hesabu yake peke yake, maana mlango unafunguliwa kuanzia alasiri hadi daku.

Jangombe_Mtoto

King'amuzi. Nilidhani nikizima kwa rimoti kimelala. Kimita kikasoma wati 11 kikiwa kimewaka na 10 kikiwa "kimezimwa". Wati 10 mchana na usiku ni yuniti 7.2 kwa mwezi. Sasa nazima ukutani. Chaji ya simu iliyoachwa kwenye soketi bila simu haikusoma kitu, ilibaki sifuri.

Fundi_Wawi

Nimefurahi kuiona mada hii. Mimi ni fundi wa mafriji huku Pemba, na kimita nakitumia karibu kila kazi. Naongeza mambo ambayo nayaona yanawachanganya watu.

La kwanza, friji msiisome kwa dakika tano. Kompresa inawaka na kuzima. Ukiipata inafanya kazi utaona wati 140, ukiipata imepumzika utaona mbili au tatu, na namba zote mbili hazikwambii kitu. Iacheni siku nzima, ikiwezekana zaidi, kisha msome yuniti na mgawe kwa saa zilizopita. Pasi vilevile: imeandikwa wati 1000 lakini ikishapata moto inakata na kurudi. Saa nzima ya kupiga pasi haili yuniti nzima.

La pili, wati na ampea. Wapo mafundi wanaoshika waya kwa kile kipimo cha koleo, wanapata ampea 1.1, wanazidisha kwa volti 230, wanamwambia mteja friji yake ni "wati 253". Si kweli. Kwa vitu vya mota, sehemu ya ule mkondo unakwenda na kurudi bila kufanya kazi. Kimita kizuri kinaonesha wati halisi, mfano 140, na pembeni kinaandika PF 0.55, yaani kwenye zile 253 ni 0.55 tu inayofanya kazi. Tukuza ya nyumbani inahesabu wati halisi. Msitishwe na ampea.

La tatu ni hili ambalo nalisema kila siku. Fungueni mlango wa friji mtafute karatasi yenye namba za kiwandani. Humo kuna herufi: SN, N, ST au T. SN na N zimeundwa kwa chumba kisichozidi nyuzi 32, ST hadi 38, T hadi 43. Mafriji mengi ya mtumba yanayoshushwa kutoka Ulaya ni N au SN, na ile namba ya yuniti kwa mwaka iliyoandikwa kwenye lebo zao za zamani ilipimwa chumba kikiwa nyuzi 25. Jiko gani la Chake au la Wete lenye nyuzi 25 saa nane mchana wakati wa kaskazi? Friji inafanya kazi bila kupumzika, na kimita kinaionesha: wati hazishuki kabisa. Mteja anadhani gesi imepungua. Pengine gesi iko sawa, friji ndiyo haikuundwa kwa hewa yetu.

Bububu_Njiani

Ami yangu anakuja kutoka Marekani, nimwagize kimoja? Nasikia kuna kinaitwa Kill A Watt.

Fundi_Wawi

Kile cha soko la Marekani usimwagize. Kule umeme wao ni volti 120, na kimita kile mwisho wake ni volti 125. Huku ni 230, utakiua siku ya kwanza. Tafuta cha volti 230 chenye plagi ya pini tatu za bapa kama soketi zetu. Vipo pia vya pini mbili za duara, lakini hapo utahitaji adapta, na adapta za bei rahisi zinapata moto.

Na ukomo wake: cha plagi yetu kinabeba ampea 13, yaani kama wati 3000 hivi. Birika, pasi, friji, sawa. Jiko la plate mbili ukiliwasha lote liko karibu na mwisho, usiliache bila kulitazama. Na huku kwenye hewa ya chumvi tazameni pini. Zikishaota kutu zinapata moto, na plagi ikinuka plastiki itoeni hapohapo.

Makunduchi_Kusini

Kwangu faida kubwa haikuwa yuniti, ilikuwa volti. Nyumba yetu iko mwisho kabisa wa laini, mbali na transfoma. Friji yetu ikawa kila jioni inavuma kidogo, inatulia, inavuma tena, asubuhi nyama imelegea. Fundi wa kwanza alitaka kubadilisha kompresa.

Nikachomeka kimita nikawa nasoma kila baada ya muda. Mchana volti 225, 228. Baada ya magharibi, kila mtu amewasha taa na TV na pasi, zinateremka mpaka 180 na kitu. Kompresa inajaribu kuanza, ampea zinaruka, haina nguvu, inakata. Kila jaribio kama hilo linaichosha. Kompresa ilikuwa nzima, umeme ndio ulikuwa mdogo.

Nikaweka friji gadi inayokata volti zikishuka na kusubiri dakika kadhaa kabla ya kurudisha. Mpangilio wangu ni ukuta, kimita, gadi, ndipo friji. Hivyo hata gadi ikiwa imekata, kimita kinaendelea kunionesha volti za laini. Zile namba za jioni niliziandika kwenye daftari na saa zake nikazipeleka kunakohusika, na safari hii nilisikilizwa, tofauti na nilipokuwa nasema tu "umeme mdogo".

Tahadhari moja: vipo vimita ambavyo umeme ukikatika vinasahau kila kitu na kuanza sifuri. Nunueni chenye kibetri cha ndani.

Mzee_Malindi

Sie wa umri wetu umeme tunaujua kwa giza lake. Mwezi mzima mwaka 2008, kisha kuanzia Disemba 2009 miezi mitatu, Unguja nzima, kwa sababu tulitegemea waya mmoja wa chini ya bahari uliowekwa 1980. Alhamdulillah 2013 ukaja waya wa pili kutoka Ras Kiromoni hadi Fumba. Ndugu zetu wa Pemba wao walitoka kwenye mashine za dizeli za Wesha wakapata waya wao kutoka Tanga mwaka 2010.

Tangu giza lile nina jenereta dogo, na mpaka leo ukikatika ndilo linaloniokoa. Kimita nilikitumia kujua linaweza kubeba nini. Nilipima kila kitu nikiwa na umeme wa kawaida: taa za LED zote, pangaboi, friji, TV. Jumla haikufika hata wati 500. Nikajua jenereta la kilowati 2 linatosha na kubaki. Lakini wanangu, friji na pampu wakati wa kuanza vinavuta mara kadhaa ya wati zake za kawaida, kwa nukta moja tu ambayo kimita pengine hakiwahi kuiona. Acheni nafasi. Kwa anayetaka kununua sola na inveta, hesabu ni hiyohiyo.

Bi_Kiembesamaki

Mimi AC yangu haina plagi, waya umeingia moja kwa moja kwenye swichi yake ukutani. Na hita ya maji ya bafuni pia. Hivi navipimaje?

Maalim_Wete

Bibie, hivyo usivipime kwa kimita cha kuchomeka, itumie Tukuza yenyewe. Mimi nafundisha fizikia skuli na wanafunzi wangu wanalifanya zoezi hili majumbani kwao.

Kwenye uso wa mita kuna kitaa chekundu kinachomemeta, na pembeni yake pameandikwa mfano 1000 imp/kWh. Maana yake kikimemeta mara 1000 yuniti moja imekwenda. Zima kila kitu, washa AC peke yake, subiri itulie, kisha hesabu sekunde kati ya mmemeto na mmemeto. Chukua 3600 ugawe kwa sekunde hizo: jibu ni wati. Ukiona kila sekunde 3.6, AC inakula wati 1000. Kama mita yako imeandikwa 1600, gawa jibu lako kwa 1.6.

Kupata jibu la uhakika hesabu mimemeto kumi kisha ugawe, mkono wa mtu si saa. Na AC ya inveta irudie baada ya chumba kupoa, utaona mimemeto inapungua sana.

Mlandege_Dukani

Mimi nina wasiwasi na hii habari ya wapangaji. Kupima siku moja na kumtoza mtu mwaka mzima kwa namba hiyo ni dhulma. Akisafiri mwezi? Akiwa na mgeni mgonjwa anayehitaji pangaboi mchana kutwa?

Mpendae_Uani

Hoja yako ni ya haki. Sie tunapima upya kila majira yakibadilika, na anayesafiri akazima friji yake halipii. Ingekuwa kila familia ina Tukuza yake ingekuwa bora zaidi, lakini hilo liko mikononi mwa mwenye nyumba. Kabla ya kupima tulikuwa tunamtoza mtu kwa dhana, na dhana ndiyo niliyoona inatuvunja.

Fundi, yule mwenye friji ya 2.6 anauliza: atengeneze au anunue nyengine?

Fundi_Wawi

Kwanza atazame raba ya mlango. Akate ukanda wa karatasi, aufungie mlango juu yake, auvute. Ukitoka bila kukwama mahali popote kuzunguka mlango, hapo baridi inavuja. Raba mpya si ghali. Aisogeze pia friji kutoka ukutani kiasi cha kiganja, asafishe vumbi kwenye nyaya za nyuma, kisha apime tena siku nzima.

Ikishuka hadi 1.8 au chini ya hapo, akae nayo. Ikibaki 2.6, achukue hiyo atoe 0.9 kama friji mpya itakuwa sawa na ya jirani yake, inabaki 1.7 kwa siku, yaani yuniti 51 kwa mwezi. Azidishe kwa bei ya yuniti iliyo kwenye risiti yake, kisha bei ya friji mpya aigawe kwa hiyo. Atapata miezi ambayo friji itakuwa imejilipa. Mpe na hili: akienda dukani aitazame ile herufi kabla ya kuitazama rangi.