Bosi kasema kazi naijua ila "stadi laini" sina. Hivi hizi zinapimwaje wakuu?

mtu_wa_mifumo:
Wakuu habari za muda huu. Naombeni mawazo maana hili jambo limenikaa kichwani. Niko kitengo cha mifumo, kazi naijua, sijisifu, seva ikizingua usiku wa manane napigiwa mimi, mtu akikwama kwenye kodi (code) yake ya programu analeta kwangu. Sasa ikatoka nafasi ya kuongoza timu, tukaomba mimi na jamaa mmoja, jamaa sio mbaya ila kwa ufundi hanifikii na yeye mwenyewe analijua hilo. Kapewa yeye. Nikaomba kuonana na meneja anipe sababu, akaniambia "kiufundi huna mpinzani hapa, ila kazania stadi laini". Zipi? Akasema mawasiliano, kushirikiana na watu, vitu kama hivyo. Akaangalia saa, kikao kikaisha.

Vitu kama hivyo ndio vipi jamani? Ukiniambia sijui lugha fulani ya programu ntakaa chini nitaisoma na tutapimana. Hizi zinasomwa wapi na nani anasahihisha mtihani? Mi sio mtu wa maneno mengi, stori za asubuhi sikai, na mabosi sichekicheki, napiga kazi naenda zangu nyumbani. Tumekua tunaambiwa kizuri chajiuza kibaya chajitembeza, sasa naona vinavyojitembeza ndio vinanunuliwa. Ni jina la kistaarabu la kujipendekeza au kuna kitu hapa sikioni? Karibuni, matusi pia napokea.

kijiwe_cha_kati:
Mkuu pole sana. Ni kujipendekeza kulikovaa tai. Ngoja nikae hapa nisome komenti.

dada_wa_ajira:
Kaka pole. Niko upande wa ajira na usaili miaka mingi, ntakujibu bila kukupamba.

Kwanza meneja wako kachemka. Kumpa mtu mrejesho anaoweza kuufanyia kazi ni mojawapo ya hizo hizo stadi anazokwambia huna, na yeye kakupa jibu la hewani, kwahiyo tuseme mko wawili.

Pili hiyo ya kucheka na mabosi na kukaa stori itoe kabisa kichwani. Nimeshapitisha watu wakimya kwenye nafasi za uongozi na nimeshawaacha wachangamfu wanaojaza chumba kwa vicheko. Mi nikiwa natafuta mtu wa kuongoza wenzake naangalia mambo ambayo yanaonekana kwa macho, mfano: habari mbaya inanifikia lini? Kuna mtu anajua tangu Jumatatu kwamba dedilaini ya Ijumaa haiwezekani, anakaa kimya, anajikaza, Ijumaa jioni ndio anasema. Mwingine hana ufundi hivyo ila Jumanne asubuhi ameshakuja, "hapa tutachelewa, sababu ni hii, naomba tuchague kipi kisubiri". Huyo wa pili nitamwachia timu nilale usingizi. Kingine naangalia asipoelewa maelekezo anauliza au anaenda kukisia, na wazo lake likikataliwa kikaoni kazi inayofuata anaifanya kwa moyo au anaifanya ili ishindwe (hii ipo sana, watu wanafanya makusudi kabisa). Na mgeni akija kitengoni, baada ya muda anaweza kazi au bado kila kitu kinarudi kwa yule yule bingwa?

Hiyo ya mwisho naomba uisome mara mbili, maana umeandika mwenyewe kwa fahari kwamba kila mtu akikwama analeta kwako.

Na hili sio langu peke yangu. Google walianza utafiti wao wa ndani mwaka 2008 wakauita Project Oxygen, walitaka kujua meneja mzuri ana nini, na ile ni kampuni ya watu wa kodi kama wewe. Zikatoka tabia 8. Juu kabisa ni kuwa kocha mzuri kwa watu wako, ujuzi wa kiufundi upo kwenye orodha ila ulikaa wa nane. Haina maana haufai, maana yake ni kwamba pale kila mtu anao tayari, kwahiyo hauwatofautishi.

mtu_wa_mifumo:
Dada nimekuelewa ila hiyo ya kila kitu kurudi kwangu nayo ni kosa langu? Wakija nawatatulia haraka kazi iendelee. Nikianza kumfundisha kila mmoja tiketi (maombi ya msaada yanayonisubiri) zitalala.

dada_wa_ajira:
Sijasema ni kosa, nimesema ndivyo inavyoonekana ukikaa kwenye kiti cha meneja. Akikupandisha wewe nani atashika seva usiku? Umejiweka mahali ambapo huwezi kuhamishwa.

mzee_wa_hoja:
Nakubaliana na dada kwa sehemu ila tusidanganyane. Hili neno ni zuri likiwa darasani, likifika ofisini linageuka fimbo. Mtu akiwa hapendwi na hana dosari kwenye kazi, wataenda wapi? Stadi laini. "Hafiti na timu". Huwezi kukata rufaa kwa sababu hakuna kitu cha kukatia rufaa. Mwanamke akisema jambo kwa kukazia anaandikiwa kwenye tathmini kwamba ni mkali afanyie kazi mawasiliano, mwanaume akisema maneno yale yale anaandikiwa ana msimamo. Mtu anayefanya kazi kwa lugha ambayo sio ya kwake anaonekana hajiamini, kumbe anatafuta maneno tu. Mkimya anaonekana hana ushirikiano.

Kwahiyo mkuu kabla hujaanza kujirekebisha tabia rudi kwa huyo meneja umwambie akupe tukio. Moja au mawili. Siku gani, kikao gani, nilifanya nini, ulitegemea nifanye nini. Akiweza kutaja, kuna kitu cha kufanyia kazi. Akianza kujiumauma na "unajua watu wanasema", ujue hapo sio stadi, hapo ni mengine na CV yako ianze kuamka.

kijiwe_cha_kati:
Mzee wa hoja leo kaja na nyundo.

sista_wa_thieta:
Mi nimepita tu ila mada imenigusa. Nafanya kazi chumba cha upasuaji na huku kwetu hakuna anayedhani haya mambo ni ya kujipendekeza, maana yakikosekana mtu anafariki.

Wenzetu wa ndege walijifunza mapema kuliko sisi. Desemba 1978 kuna ndege ya United Airlines, safari namba 173, ilikuwa inaenda kutua Portland kule Marekani. Magurudumu yakaonyesha tatizo, rubani mkuu akawa anazunguka hewani anahangaika nalo na kuandaa abiria kwa kutua kwa dharura. Wenzake wawili wanaona mafuta yanaisha. Na walisema! Ila walisema kwa upole upole kama mtu anayechungulia mlangoni, hakuna aliyemkatiza akamwambia bosi tutue sasa hivi. Injini zikazima, ndege ikaanguka ndani ya mji, watu 10 wakafariki kati ya 189. Ndege yenyewe ilikuwa inaweza kutua, na kwenye chumba kile hakukuwa na mtu asiyejua kazi. Ufundi ulikuwepo wote.

Baada ya hapo NASA wakaitisha kikao mwaka 1979 kuhusu mambo ya aina hiyo, na 1981 United wakaanza kufundisha marubani wao jinsi mdogo anavyomwambia mkubwa jambo likasikika, na mkubwa anavyoomba kuambiwa. Siku hizi rubani wa ndege za mashirika ya abiria ni lazima asomee. Kwahiyo unayeuliza zinasomwa wapi na nani anasahihisha, jibu lipo, kuna watu wanafanyia mazoezi na wanapimwa.

Huku hospitali tuna ile orodha ya WHO ya usalama wa upasuaji, ilitoka 2008. Kabla ya kukata, kila aliyemo chumbani anataja jina lake na kazi yake. Mwanzoni madaktari wengine walicheka, mtu mzima anajitambulisha kama yuko shule ya msingi. Sababu yake ni kwamba mtu aliyeshafungua mdomo mara moja ni rahisi kuufungua tena akiona kitu hakiko sawa. Walipoijaribu kwenye hospitali 8 za nchi tofauti, kuna Toronto, London, Manila, hata Ifakara ilikuwemo, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Sisemi ni kwa sababu ya kutajana majina tu, orodha ina mengi, kuna dawa ya kuzuia maambukizi, kuna kuhesabu vitambaa na sindano. Ila hata hayo mengi yake ni mtu kumuuliza mwenzake kwa sauti na kusubiri ajibu.

Sasa kaka mifumo wewe ni yule anayeona mafuta yanaisha. Swali ni kama ukisema unasikika.

mtu_wa_mifumo:
Sista hapo umenipiga. Maana nikikumbuka mambo mengi yaliyoharibika nilishayasema kabla, nina ushahidi kwenye email. Hawakusoma.

kodi_na_kahawa:
Mkuu hilo ndilo gonjwa letu watu wa mifumo. "Nilituma email." Email yenyewe aya sita, hatari iko aya ya tano katikati, kichwa cha habari kimeandikwa "Taarifa". Halafu mambo yakiharibika tunaenda kuifukua kama hati ya kiwanja kuonyesha tulisema. Kusema sio kutuma, kusema ni mpaka yule mwingine ajue, na kama hajajibu bado hajajua.

Mi nafanya kazi na timu ambayo hatuonani ana kwa ana, kila mtu nchi yake, na huku ndio utajua mkimya anaweza kuwa fundi wa mawasiliano kuliko wote. Tuna jamaa kwenye simu za video haongei kabisa, kamera kazima, ila ujumbe wake ukiusoma unajua nini kimetokea, nini anataka kutoka kwako na lini. Kila mtu anapenda kufanya naye kazi. Uchangamfu hana hata chembe.

mzee_wa_hoja:
Sawa, ila mtu mzima anabadilika kweli? Mafunzo ya siku mbili hotelini, mnagawiwa kalamu na cheti, Jumatatu kila mtu karudi alivyokuwa. Mi hayo nimeyaona na hela inaliwa bure.

dada_wa_ajira:
Hayo ya hotelini hata mi siyatetei, mengi ni picha za ukutani tu. Ila kwamba mtu mzima habadiliki sio kweli. Kule Lomé, Togo, watafiti walichukua wafanyabiashara wadogo 1,500 wakawagawa mafungu, wengine wakapewa mafunzo ya kawaida ya biashara, mahesabu na masoko, wengine wakafundishwa tabia ya kujituma, kuona fursa bila kusukumwa, kuvumilia vikwazo, na wengine hawakupewa kitu. Matokeo yalitoka 2017, waliofundishwa kujituma faida yao ilipanda asilimia 30 ukilinganisha na wasiopewa kitu. Wale wa mahesabu asilimia 11, na hiyo kitakwimu haikuwa ya uhakika. Watu wazima hao, wengi wako sokoni miaka. Lakini hayakuwa ya siku mbili na kalamu, kulikuwa na vipindi vya darasani halafu mkufunzi anamfuata mtu kwenye biashara yake mwezi baada ya mwezi.

Na soko la ajira linaenda huko huko. Kuna mchumi anaitwa David Deming aliangalia Marekani tangu 1980 mpaka 2012, kazi zinazotaka kushughulika sana na watu ziliongeza fungu lake kwa karibu asilimia 12 ya ajira zote, na zile za hesabu nyingi zisizotaka watu zikapungua. Waliofaidi zaidi ni wenye vyote viwili. Kwahiyo mtu wa mifumo usitupe ufundi wako ukaenda kujifunza kutabasamu, una nusu ngumu tayari.

mtu_wa_mifumo:
Asanteni wote, hata wa nyundo. Nimeamua nifuate ya mzee wa hoja, namuandikia meneja aniambie matukio. Nimeandika hivi, nisahihishieni kabla sijatuma:

"Habari bosi. Kama nilivyokueleza kwenye kikao, sikuridhika na sababu ulizotoa. Umesema sina stadi laini lakini hukutoa mfano wowote. Naomba unipatie mifano kwa maandishi ili nielewe vigezo vilivyotumika. Ahsante."

kijiwe_cha_kati:
😂😂😂 Hii unampelekea meneja au unampelekea mwanasheria?

kodi_na_kahawa:
Mkuu kila neno humo ni kweli na bado ukiituma umempa mfano wa kwanza anaoutafuta.

dada_wa_ajira:
Usicheke kijiwe, ombi lake ni la haki kabisa, shida ni kwamba limekaa kama shtaka kwahiyo atajitetea badala ya kufikiri. Na "kwa maandishi" itoe, huyo hawezi kukuandikia, ataogopa. Omba muda mfupi uso kwa uso na mwambie mapema utauliza nini ili aje amejiandaa. Jaribu hivi:

"Habari bosi. Nimefikiria ulichoniambia kuhusu mawasiliano na ushirikiano, nataka kukifanyia kazi. Naomba nusu saa wiki hii. Ningependa unitajie hali moja au mbili ambazo ungetaka ningefanya tofauti, na nafasi nyingine ikitoka ungependa uwe umeona nini kutoka kwangu. Alhamisi au Ijumaa asubuhi inakufaa?"

mzee_wa_hoja:
Nzuri, ila akishamjibu mdomo, mkuu ukitoka pale mtumie ujumbe wa mistari mitatu, "tulivyoelewana ni moja mbili tatu, kama nimekosea nirekebishe". Kwa upole huo huo wa dada. Ushahidi unaupata bila kuuomba.

mtu_wa_mifumo:
Nimetuma ya dada kama ilivyo. Kajibu "Ijumaa saa nne, uzuri umeuliza". Halafu kuna dogo mgeni kaja na tiketi yake hapa, ngoja nimpe kiti akae aone navyofanya, nitarudi Ijumaa niwape mrejesho.