Tupeane uzoefu: msiba wa wote mliukaa vipi?

Mwanzisha mada (Wete): Asalaam aleikum. Nyumba nyingi za Pemba zina misiba miwili: Januari 2001, waandamanaji walipopigwa risasi baada ya uchaguzi wa 2000, na meli ya Spice Islander iliyozama Septemba 2011. Kwetu imo yote miwili. Wa meli tuliulia na nchi nzima. Yalitangazwa maombolezo ya siku tatu, na watu wasiotujua wakaja kutupa mkono wa pole. Wa 2001 tuliulia kwa kunong'ona. Khitma ilisomwa mlango umerudishwa, kwani kila aliyeingia kwetu aliogopa kuulizwa siku ile alikuwa wapi. Wa meli umepoa kidogo. Ule wa mwanzo haujapoa, na naamini sababu ni hiyo: hatukupewa nafasi ya kuulia. Mliofikwa, elezeni. Nani alishinda uchaguzi wa 2000 tuliweke kando, hapa tunazungumza maiti wetu.

Wa Micheweni: Waalaikum salaam. Mie nilikuwa mtoto wa skuli. Jumamosi ya tarehe 27 watu walitoka kwenye maandamano, risasi zikapigwa, na ami yangu hakurudi na miguu yake. Walioweza walimzika haraka. Baba hakuwepo kaburini, usiku ule alikwishapanda mashua kwenda Shimoni, Kenya, pamoja na wengine. Waliovuka walizidi 2,000. Ndugu yake wa tumbo moja, na udongo hakumtilia.

Alirudi baada ya Muafaka wa Oktoba, yale makubaliano ya CCM na CUF. Akenda kaburini, kisha akaita watu upya: khitma, ubani, wali. Wazee wakamwambia matanga ni siku tatu, yamekwisha zamani. Akawajibu yeye bado hajakaa.

Wa Unguja Mjini: Msisahau na siye. Siku moja kabla, Ijumaa ya tarehe 26, watu waliuawa Mwembetanga, hapo msikitini. Mpaka sasa nikipita najikuta naharakisha.

Mama wa Mkoani: Mume wangu alikuwa anarudi Pemba baada ya Iddi. Meli ilitoka bandari ya Malindi, Unguja, usiku wa tarehe 9 ikazama upande wa Nungwi. Uwezo wake haukufika watu 700. Tume ya uchunguzi baadae ilisema walipakiwa zaidi ya 2,000. Kiwanja cha Maisara, walikolazwa maiti, nilipita chini ya mahema, mmoja mmoja, kila nguo ikifunuliwa moyo unasimama. Sikumuona.

Sasa niambieni, eda unaianza lini kama maiti hayupo? Mama mkwe akisema nimngoje, kwani wako waliookolewa wameshikilia magodoro. Nami nikiona nikikaa eda ni kama nimemuua kwa mkono wangu. Watu walinihimiza, wengine kwa ukali. Aliyenisaidia ni shehe wa mtaani kwetu. Alinisikiliza mpaka nikanyamaza mwenyewe. Akanambia aliyekufa maji ana daraja ya shahidi, akamsalia sala ya ghaibu, jina lake likatajwa mbele za watu. Hapo ndipo nilipoingia eda, miezi minne na siku kumi zake.

Na mashoga zangu, Allah awalipe. Hawakunambia "subiri". Walikuja, wakaosha wanangu, wakamenya muhogo, wakaenda zao. Ukienda kwa mfiwa, fanya hivyo.

Mvuvi, Nungwi: Pole dada. Siye tuliotoa watu majini hatukuwa wafiwa, basi hakuna aliyetuuliza hali. Samaki sikumla muda mrefu. Nilitulia kidogo nilipoanza kukaa na wenzangu wa chombo kile kile tukayasema, nani alimshika nani, nani alituponyoka mkononi. Mwanzo tuliona haya kulia mbele ya wenzetu. Waliotolewa majini wajue na siye tunawakumbuka.

Mwanzisha mada: Mvuvi, ahsante sana, hilo sikuwahi kulifikiria. Ndugu wa Micheweni, baba alipoita watu upya, walikuja?

Wa Micheweni: Walijaa mpaka barazani. Walikuja hata wa chama kile kingine, majirani tuliokuwa hatusalimiani, na mmoja wao aliubeba mchele mwenyewe. Baba alimpokea. Mama aliingia ndani, na jirani yule hajasema nae mpaka leo. Simlaumu.