Damu ya mtoto imekataliwa maabara: turudie au tuachane nayo?

Mama Wawili wa Njiro
Habari zenu wapendwa. Mwanangu ana miezi minane, shingo bado haijakaza vizuri, na tangu mwezi jana anatapika na kusinzia ovyo. Daktari wa watoto hapa Arusha akatuandikia kipimo cha asidi amino kwenye plazma, yaani maji ya damu bila chembe zake. Nilivyoelewa, wanaangalia vijenzi vya protini vilivyomo kwenye damu, kimoja kimoja. Sampuli ikasafirishwa nje ya mkoa. Siku ya sita napigiwa simu: damu haifai, chembe zimepasuka, mleteni tutoe tena. Na mtoto alichomwa mara tatu ndipo mshipa ukapatikana! Baba yake amegoma, anasema wanataka hela tu. Mnanishaurije?

Kijana wa Sakina
Shemeji yuko sahihi. Ukiwa na mtoto mgonjwa wanakuona mgodi wa Mererani.

Fundi Maabara Moshi
Hapana mkuu. Dada, pole kwanza. Ndani ya chembe nyekundu kuna kimeng'enya kinachoitwa ajinesi. Zikipasuka kinamwagika kwenye plazma na kuigeuza asidi amino moja, arginini, kuwa nyingine, ornithini. Moja inashuka, nyingine inapanda, daktari anaanza kutafuta ugonjwa ambao mtoto hana. Hata isipopasuka, ikikaa tu kwenye joto la kawaida asidi amino nyingine, glutamini, inageuka glutameti. Kwa hiyo waliokataa wamekutendea haki, wangeweza kukupa majibu ya uongo ukanyamaza nayo.

Safari hii uliza mapema: itolewe kwenye chupa ya kijani yenye heparini (dawa ya kuzuia damu isigande), iwekwe kwenye barafu, izungushwe kwenye mashine palepale, plazma itenganishwe na kugandishwa, ndipo isafiri. Ile ya kwanza ilipanda basi ikiwa damu nzima, si ndiyo?

Mama Wawili wa Njiro
Ndivyo! Niliona ikitiwa kwenye kiboksi kama ilivyo. Na hakuna aliyeniuliza mtoto amenyonya saa ngapi.

Fundi Maabara Moshi
Loh. Mtoto mdogo hutolewa damu kabla tu ya kunyonya tena, kama masaa manne tangu anyonye. Usimshindishe njaa usiku kucha ukidhani unasaidia. Kama kweli tatizo ni mwili kushindwa kuchakata protini, njaa ndefu itamzidishia. Wala usimpunguzie maziwa siku za kabla.

Bibi Nesi
Mie nimestaafu lakini hapa sinyamazi. Mjukuu wangu amepimwa amonia, ile sumu inayotokana na protini ikijaa kwenye damu? Hiyo haisubiri siku sita. Na akizidi kulala au akikataa titi, achaneni na tarehe ya kipimo, mpelekeni hospitali usiku huohuo. Mkihamishiwa KCMC msibishane, ndiyo rufaa ya kanda yetu.

Kijana wa Sakina
Nafuta kauli. Ila hela ya kurudia analipa nani? Kosa si lake.

Mama Wawili wa Njiro
Nimeuliza leo, mara ya pili hawatozi. Bibi, shikamoo, amonia nimemkumbusha daktari, inatolewa siku hiyohiyo na kupimwa hapahapa. Baba yake amesoma uzi wote, kanyamaza, kisha akauliza tunaondoka saa ngapi. Tunaenda Jumanne saa moja asubuhi. Atanyonya saa tisa usiku. Inafaa?

Fundi Maabara Moshi
Inafaa kabisa. Mvalishe soksi za mikono njiani, baridi ya Arusha asubuhi huficha mishipa.

Bibi Nesi
Marahaba mwanangu.